Kifo Changu Alichokisimulia Fulgensi

Kosa lilikuwa langu, na nalitaja mapema ili nisionekane namsema maiti: nilipokea karatasi bila kuisoma. Mwezi uliopita tulimzika Fulgensi kule Katindiuka, na kwa kuwa katika rika letu mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani, kila msiba wa upande wetu napewa wasifu wa marehemu niusome. Kazi hiyo naipenda kuliko ninavyokubali. Nina sauti, nina miwani, na watu hunyamaza. Basi binti yake mkubwa aliponikabidhi kurasa mbili zilizokunjwa, nikazitia mfukoni nikaenda kula wali na maharage na wachimba kaburi, badala ya kukaa pembeni nizipitie kama mtu mwenye akili zake. Wakati ulipofika nikasoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, shule ya msingi, ndoa, watoto. Nikaingia ukurasa wa pili kwa mwendo mzuri, nikasoma kwa sauti iliyofika mpaka nyuma kwa akina mama: "Mwaka 1995 marehemu alipasuliwa moyo katika hospitali ya hapa kwetu Ifakara, akafa juu ya meza, akakaa huko kwa muda, kisha Mwenyezi Mungu akamrudisha ili awe shahidi." Watu wakaitika, "Amina." Mimi nimesimama na karatasi mkononi, na chini ya shati langu lipo kovu linaloanzia karibu na koo na kuteremka mpaka chini ya kifua. Nilisoma mpaka mwisho. Sikuruka hata nukta.

Maana mwaka ule aliyekufa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sifa moja tu mtaani: sitoki. Wenzangu walikwenda kulima mashamba ya mbali wakalala huko kwenye vibanda miezi mizima wakiamia ndege wasile mpunga, wengine walipanda treni kwenda Mlimba na kurudi na hadithi. Mimi nilijua kila ufa wa ukuta wa chumba changu, na nilijua kwa harufu tu kama mama kaunga kambale kwa nazi au kwa nyanya tupu. Kwa hiyo nilipoanza kuchoka, hakuna aliyeshtuka. Nilivimba miguu, watu wakasema ni kukaa. Nilivimba tumbo, wakasema ni kula. Nikawa siwezi kutoka kitandani hadi chooni bila kusimama njiani kuvuta pumzi, na Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akanichungulia juu ya uzio wa mabua akasema, "Anselmi, sasa hata choo kimekuwa safari?" Nilicheka mpaka nikazimia. Hapo ndipo waliponipandisha kwenye baiskeli ya Fulgensi, yeye akisukuma na mama akinishika mgongo, nikafikishwa hospitali ya misheni nikiwa nimekaa juu ya keria ile ile aliyobebea samaki wakavu, nanuka kama bidhaa.

Fulgensi alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwanunua kule Mofu wakiwa wamebanikwa, akawapeleka hadi Masagati huko nyuma ya Mlimba, mahali ambapo mimi mpaka leo nimepasikia tu. Tulisoma darasa moja, tukala sahani moja, na baba yangu alipofariki, miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, Fulgensi ndiye aliyeingia chumbani na wazee kumwosha na kumvalisha, kwa sababu mimi niliingia nikatoka. Nilimpenda kwa jambo moja hasa: alitembea kwa niaba yangu. Alikuja jioni akakaa kwenye kigoda jikoni, akasimulia, mimi nikasafiri bila kuvaa viatu.

Daktari alieleza kwa kuchora nyuma ya fomu. Kifua kikuu kilichonipitia bila mimi kujua kilikuwa kimeukaza ule mfuko unaofunika moyo, umekauka kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani, na moyo ndani yake haupati nafasi ya kutanuka. Kuna daktari bingwa mgeni anakuja kwa wiki mbili. Yeye anaweza kufungua kifua na kuubandua. Nikauliza, "Akishaubandua, moyo unabaki uchi?" Akasema ndiyo, lakini unafanya kazi. Nilikaa wodini siku tisa nikimsubiri mgeni huyo. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha, na nje ya dirisha ndipo akina mama walipopikia wagonjwa wao, kwa hiyo nilikuwa najua nani anakula dagaa na nani ameletewa kuku. Siku moja kabla ya upasuaji nikawasikia wauguzi wawili wakikunja mashuka nyuma ya pazia. Mmoja akauliza, "Huyu wa dirishani, kwao wameambiwa hali ilivyo?" Mwenzake akasema, "Wameambiwa." "Na mwenyewe?" "Mwenyewe anapenda kula. Mwache ale." Mchana huo Fulgensi aliniletea wali na perege wa kukaanga wawili, na mimi niliyewasikia wauguzi kwa masikio yangu nikala wote, nikaomba na ukoko.

Kilichotokea mezani nitakieleza kama nilivyokieleza wakati ule, na sitaongeza kitu. Kuongeza kulishafanywa na wengine. Nilichomwa sindano, nikahesabu mpaka nne, nikalala. Kisha nikawa macho, lakini niko juu. Siyo juu mbinguni. Juu karibu na dari, kama popo. Niliiona ile taa kubwa ya upasuaji kwa upande wa juu, upande ambao mgonjwa haoni, na ilikuwa na vumbi na wadudu waliokufa. Niliona upara wa daktari mgeni na muuguzi akiupangusa jasho. Na katikati yao niliona mtu amefunuliwa kifua kama samaki anayeandaliwa kubanikwa, nikamhurumia, kisha nikamtambua kwa vidole vya miguu. Mtu akasema, "Umesimama." Mwingine akasema neno kwa lugha ya kigeni, mikono ikaanza kwenda haraka. Mimi sikuwa na haraka yoyote. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi kifua hakikunibana. Nilijua kwamba naweza kwenda popote. Sasa, wapo watu ambao saa kama hiyo wanakwenda kwenye mwanga, wanakwenda kwenye malango. Mimi nilikwenda nyumbani. Sikuona njia, nilijikuta tu juu ya uwanja wetu, na mpunga umeanikwa kwenye mkeka, na mama amekaa kizingitini na khanga yake kaifunga kiunoni vile wanavyofunga wafiwa. Kuku walikuwa juu ya mkeka wanakula mpunga. Mama anawatazama. Hawafukuzi. Kumwona mama yangu anatazama kuku wakila mpunga bila hata kusema "sh!" kuliniogopesha kuliko yule mtu aliyefunuliwa kifua. Nikataka kuwafukuza mimi. Nikafungua mdomo, nikaingiwa na maumivu ambayo sijapata kuyasikia, na hapo nikajua nimerudi.

Nilizinduka nina mpira ubavuni unaotoa maji mekundu kwenye chupa sakafuni. Siku ya tatu nikaweza kusema sentensi nzima. Mama alikuwa pale, lakini alikuwa analala ameegemea ukuta na sikutaka kumwamsha. Kwa hiyo wa kwanza kumwambia akawa Fulgensi. Aliweka bakuli la uji chini, akavuta kigoda karibu mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akaanza kuniuliza maswali kama mtu anayetaka kupanga nyumba. Ulikuwa upande gani wa taa? Ulijisikia mwepesi au mzito? Waliposema "umesimama," walisema mara ngapi? Ulipita ukutani au dirishani? Nilimjibu kila kitu, nikafurahi, maana hakuna aliyewahi kusikiliza safari yangu. Mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji. Nilipofika kwenye kuku akatikisa kichwa. "Kuku?" "Kuku." "Hukuona kingine?" "Mama." Akanipangusa mdomo kwa kitambaa, akasema, "Pumzika, ndugu yangu. Umeona makubwa." Kesho yake akaondoka na baiskeli kwenda Mofu.

Mama nilimwambia baadaye, tukiwa wawili. Nilimuuliza kwanza, "Mama, siku ile kuku walikula mpunga?" Akanigeukia polepole. "Nani kakuambia? Nilikuwa peke yangu." Alikuwa amerudi nyumbani mara moja kuchukua sufuria, akakaa kizingitini, miguu ikakataa kunyanyuka. Nikamweleza yote. Alinishika mkono wakati wote, na nilipomaliza akangoja kidogo kama mtu anayejua sahani haijajaa. "Na baba yako je?" Nikasema, "Baba sikumwona, mama." "Hata kwa mbali?" "Hata kwa mbali." Akasema, "Haya," akauachia mkono wangu, akaenda kusuuza bakuli ambalo lilikuwa limeshasuuzwa.

Niliruhusiwa baada ya wiki sita, nikarudi kwenye chumba changu kwa furaha ya mfungwa aliyefungwa kwa kosa analolipenda. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Gari za kampeni zilipita na vipaza sauti, watu wakitoka mbio kuzitazama, nami nazisikiliza nimelala. Dirisha langu lilitazama njia ya kisimani, na hapo ndipo nilipoanza kusikia habari zangu. Wanawake wawili wamepumzisha ndoo. "Basi kapasuliwa moyo, kafa kabisa, kajiona mwenyewe kutoka juu." "We!" "Haki ya Mungu. Hata vumbi la juu ya taa kaliona. Mofu watu walilia." Nilikaa kitandani, nikajifunga shuka vizuri, nikajisikia mtu mashuhuri. Nikafikiri: kumbe Fulgensi ananitangaza, masikini, rafiki wa kweli. Halafu yule wa pili akauliza, "Na ni mtu wa wapi?" "Wa hapa hapa. Si Fulgensi, muuza samaki?"

Lazima niseme hapa kwamba Fulgensi naye alishawahi kupasuliwa, miezi kadhaa kabla yangu, katika hospitali ile ile. Alipasuliwa ngiri. Kwa hiyo alikuwa na siku zake za kulazwa ambazo watu walizikumbuka, na alikuwa na kovu lake, ila lilikuwa mahali ambapo muumini haonyeshi mbele za waumini. Ukichukua ngiri ya mtu na moyo wa mwingine ukavichanganya, na msimuliaji anajua kusimulia, unapata ushuhuda usio na tundu. Nilimtuma mtu amwite. Niliyemtuma akarudi peke yake, akasema Fulgensi kaenda Mlimba, kikundi cha maombi kimemwalika. Nikamtuma tena. Yuko Masagati. Mwezi mzima mtu aliyeninywesha uji hakukanyaga kwetu.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya. Kila wiki sala za jumuiya huhama nyumba, na mwenye nyumba huandaa. Jumamosi ile mama alitwanga mpunga tangu asubuhi, akachemsha togwa, akafagia uwanja mara mbili. Nilimwona amevaa kitenge ambacho hakukivaa tangu baba alipozikwa. Nikamtania, "Mama, anakuja askofu?" Akasema, "Anakuja Fulgensi. Nimemwalika atoe ushuhuda." Alisema hivyo huku anapanga vikombe, hakunitazama. Nikasema, "Ushuhuda wa nini, mama?" Akahesabu vikombe, akasema havitoshi, akaenda kuazima kwa Mama Zuhura.

Nilitolewa nje nikakalishwa kwenye kiti chenye mto, kama mgonjwa wa maonyesho. Saa tisa alasiri Fulgensi akaingia na shati jeupe na Biblia iliyofunikwa kwa gazeti. Aliwaamkia wakubwa, shikamoo moja moja, akaja kunishika mkono mimi kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, unaendeleaje?" Mikono yake ilikuwa imelowa jasho. Baada ya sala akasimama mahali palepale ambapo mkeka wa mpunga ulikuwa umetandikwa siku ile, akafa. Nasema kweli, alikufa vizuri kuliko mimi. Mimi nilisinzia nikahesabu mpaka nne. Yeye alisikia kengele. Taa ilikuwapo, vumbi lilikuwapo, upara ulikuwapo, "umesimama" ilisemwa mara tatu. Lakini kuku hakuwapo hata mmoja. Badala yake kulikuwa na mto mpana, mpana kuliko wa kwetu, na ng'ambo kuna watu wamevaa nguo safi, na mmoja kati yao akapunga mkono. Nikaanza kunyanyuka. Kunyanyuka kwangu siku hizo kulikuwa kazi ya dakika nzima, kwa hiyo watu walikuwa wameshageuka wote kunitazama. Nikafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, nikawaonyesha kifua. Nilikuwa nimepanga kusema neno moja tu: mimi.

Fulgensi alikuwa mwepesi. Alinyoosha mkono kuelekea kifua changu kabla sijafungua mdomo. "Mnaona, ndugu zangu? Mnaona? Huyu naye alipita njia ile ile, na mimi niliyeijua njia nilikesha nikimwombea arudi!" Makofi yakalipuka. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee wa jumuiya akaanzisha wimbo, nami nimesimama kifua wazi katikati ya uwanja wetu wenyewe, nimekuwa kielelezo cha somo la mtu mwingine. Wimbo ulipokwisha nikavuta pumzi ili niseme, na hapo Fulgensi akashusha sauti. "Yule aliyenipungia mkono alikuwa baba wa nyumba hii. Amevaa lile koti lake, na kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Akaniambia, mwambie mama Anselmi miguu hainiumi tena." Mama aliniangalia mimi, siyo yeye. Uso wake ulikuwa umefunguka kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa miaka miwili, na alinitazama vile mtu anavyomtazama anayeshika kitu cha kuvunjika juu ya sakafu ya saruji. Nilikijua kifungo kile. Mama alikishona kwa uzi mwekundu asubuhi ya maziko, kwa sababu mweusi haukuonekana, na aliyemvalisha baba koti lile alikuwa Fulgensi. Sentensi ya kumuumbua ilikuwa fupi, hata mgonjwa wa moyo angeweza kuimaliza. Nikafunga vifungo vyangu, nikakaa.

Nilimkamata nyuma ya jiko wakati watu wanakula. "Fulge, umeniibia." Alikuwa na sahani ya wali mkononi, akaiweka juu ya kinu. "Nimekuibia nini? Ulikuwa unakitumia?" Akaendelea, sasa kwa hasira, "Ulikwenda mpaka kule, Anselmi, ukaona kuku. Nani atatubu kwa sababu ya kuku?" Nikasema, "Na baba yangu? Baba yangu umemtoa wapi?" Hapo akainama. Alichokonoa ardhi kwa kidole cha mguu, yule Fulgensi wa darasa la tatu aliyevunja kibao cha mwalimu. "Mama yako ndiye aliyeniuliza. Alinikuta njia ya kisimani, akaniuliza kama nilimwona mumewe. Kaniuliza kabla sijamsimulia chochote. Ningemwambia nini?" Nikamwambia angemwambia ukweli. "Ukweli si ulishampa wewe?" akasema, akachukua sahani yake.

Baada ya siku ile tuliamkiana kwa miaka karibu thelathini, kwenye misa, kwenye misiba, sokoni nilipolazimika kwenda. Hakuja tena kukaa kwenye kigoda cha jikoni. Mimi nikaoa, nikafuga, moyo wangu uchi ukafanya kazi kama daktari alivyosema. Mama aliishi miaka kumi na moja zaidi, akila vizuri, akilala vizuri, na kila nilipotaka kulianzisha jambo lile aliniuliza kama nimekunywa dawa. Nilijiambia kwamba alidanganywa, masikini, na kwamba nilinyamaza kwa upendo. Nilijipenda sana kwa kunyamaza huko. Lakini palikuwa na mahali pamoja pasipotaka kupona, na si pale waliposhona: kwamba mama yangu mzazi alinisikiliza mimi niliyekufa, akaniachia mkono, akaenda kumtafuta mwingine.

Siku ya maziko ya Fulgensi nilirudi na Mama Zuhura. Ni bibi sasa, anatembea kwa fimbo, na kwa mara ya kwanza maishani tuna mwendo mmoja. Tulipofika kwenye uzio wetu, ambao siku hizi ni wa matofali, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, ile niliyoisoma leo haikuwa yake. Ilikuwa yangu." Akasema, "Najua." "Unajua?" "Mtaa mzima tunajua. Kwani ngiri ndiyo moyo?" Nikasimama. "Na mama yangu?" "Mama yako alijua wa kwanza. Alikuja kuazima vikombe siku ile anacheka peke yake, akasema, leo Fulgensi atadanganya kwangu, njoo usikie." Nilikuwa na miaka hamsini na zaidi, nimemzika mama, nimemzika rafiki, na nikajisikia kama nimefunuliwa kifua upya bila sindano. Nikamuuliza, kwa sauti niliyoona aibu nayo, kwa nini basi alimchagua yeye. Mama Zuhura akatafuta ufunguo wake kwenye fundo la khanga, akafungua geti, akanijibu bila kugeuka:

"Alikuwa anataka salamu za mumewe, basi. Wewe ulikufa kweli ukarudi bila hata salamu moja, yule kadanganya lakini kaja nazo. Ungekuwa wewe, ungemwandalia wali nani?"